Kibuyu Nilichokivunja Kwenye Sengu

Mwanangu Otmari,

Salamu zako nimeziweka akiba. Leo ulinipita mlangoni kwa baba yako mkubwa bila kunisalimu, na mimi si mtu wa kumkimbiza anayenipita. Nimekasirika. Nakuambia mapema ili usiisome barua hii ukitafuta mahali ninapoomba radhi kwa ajili ya kibuyu, maana utaisoma mpaka mwisho na hutapaona.

Sanduku lako la vifaa liko kwangu. Umeamua kulala kwa baba yako mkubwa Ditrami, haya, lala, lakini seremala hashuki Kihagara kupaua shule bila randa na msumeno. Kwa hiyo asubuhi utakuja, na utalifungua sanduku kuhakikisha kwamba hakuna kilichopungua, maana ndivyo ulivyo tangu utoto. Barua utaikuta juu ya randa. Mimi hutanikuta, nitakuwa shambani.

Habari za kufua shati na kuchemsha maji ya ziwani sitaziandika. Wewe ni mtu mzima, shati litakalonuka litakuambia lenyewe. Nataka kuandika juu ya kibuyu, na juu ya mtu mmoja anayeitwa Bruno ambaye nataka umtafute huko uendako. Masista walinifundisha kuandika kabla hawajakata tamaa na mimi, na leo nashukuru, kwa sababu haya nisingeweza kuyasema nikikutazama usoni.

Sheria za sengu nazijua. Tangu niolewe na marehemu baba yako nimefikisha ugali mlangoni, nimepiga magoti, nimerudi jikoni nikawaacha wanaume wa ukoo wale pamoja na kupanga mambo yetu sisi tusiokuwepo. Mwanamke havuki kizingiti kile. Hata baba yako alipokufa, wakakaa humo kuamua nani atakulea na shamba la kahawa liwe la nani, mimi nilisikilizia nje na bakuli la maharage mkononi. Sikuvuka.

Leo nilikuwa hapohapo mlangoni. Nilimwona Ditrami akisimama na kibuyu cha babu yenu, kimejaa pombe mpaka shingoni. Nilimsikia akisema, "Mtoto haondoki na koo kavu. Asipoonja, wazee watamjuaje huko njiani?" Nao wakaitikia kwa pamoja, hata yule asiyesikia vizuri.

Ditrami anajua, Otmari. Hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni siku ulipoanguka kutoka kwenye paa la duka la Mzee Bakari, kwa sababu ya ile desturi yenu ya pombe ya paa, kwamba nyumba ikishapauliwa mwenye nyumba analeta chungu na mafundi wanakunywa. Nyinyi hamkungoja kushuka. Mlivutiwa chungu juu kwa kamba kama tofali. Ditrami alikuona ukilia kwa mkono uliovunjika, akakusikia ukisema hutagusa tena. Anajua kwamba tangu kahawa ilipochumwa hujatia pombe kinywani. Na bado akakujazia kibuyu, mbele ya wazee wote, mahali ambapo kijana hawezi kusema hapana bila kuonekana amewakana babu zake.

Ukakipokea kwa mikono miwili.

Mimi nikavuka. Sikupanga. Nilishtukia niko katikati ya miguu ya wanaume, kibuyu kiko mkononi mwangu, na ninasema, "Kama ni ya wazee, basi wanywe wazee." Nikaimwaga yote sakafuni, mpaka mashapo. Wanawake wa jikoni wanasema baada ya hapo kibuyu kiliniponyoka. Hawa wananipenda, wanataka kunisitiri. Hakikuniponyoka. Nilikitupa kwenye mafiga, nikakisikia kikipasuka, na nilifurahi.

Ditrami akasema nitatoa mbuzi wa kulisafisha sengu. Nikamwambia achague mwenyewe. Na wewe, mwanangu wa pekee, ukainuka ukaniambia, "Mama, umenivua nguo mbele ya ukoo." Ukatoka ukanipita.

Neno hilo nimelibeba mpaka nyumbani, na bado lina moto. Nikuvue nguo mimi? Nani alikushonea? Lakini tuyaache hayo. Nataka ujue hasira yangu ilikotoka, maana haikuzaliwa leo kwenye sengu.

Unakumbuka komunyo yako ya kwanza. Najua unaikumbuka kwa sababu hujawahi kuitaja hata siku moja. Ulivaa shati jeupe nililoazima. Mimi nilikuwa nimepika pombe ya watu wa harusi wiki ile, nikaionja Ijumaa, nikaionja Jumamosi, na Jumapili alfajiri nikaionja tena ili nipate nguvu ya kuvaa viatu. Nilifika kanisani nimechelewa, nikapita katikati mpaka mbele kabisa, nikaimba. Nilikuwa na sauti nzuri, nawe unajua. Watu walipomaliza wimbo mimi niliendelea. Nilimaliza beti zote peke yangu, nikaongeza na nyingine ambazo hazikuwa za kanisani. Wewe ulikuwa umepiga magoti kwenye mstari wa watoto. Uligeuka ukanitazama mara moja, halafu ukatazama altare, hukugeuka tena mpaka misa ilipokwisha.

Nyumbani ulinivua viatu, ukanifunika kanga. Mtoto wa umri ule. Kama ungenitukana ningepata la kujibu.

Wiki iliyofuata niliapa mbele ya altare, Padre akanipa medali, nikaacha kunywa na kupika vilevile. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba hapa kwetu mtu haachi pombe peke yake. Pombe yenyewe haikuachi, na watu hawakuachi, na hata jembe halikuachi. Ulikuwa wakati wa kulima ngoro. Mjane hawezi kulima ngoro peke yake. Wanaume wafyeke majani, wayalaze kwa miraba mteremkoni, ndipo sisi wanawake tuchimbe udongo na kuyafunika, na mashimo yabaki kati ya matuta ya kushika maji. Kwa kazi ile unaita watu, na watu unawaita kwa chungu. Nikawaita. Walikuja wengi kwa sababu pombe yangu ilikuwa na sifa mpaka Liparamba. Wakazunguka nyuma ya nyumba, wakaona hakuna chungu. Basi kila mmoja akakumbuka kwamba ameacha mgonjwa nyumbani. Sijapata kuona mlima wenye wagonjwa wengi kiasi kile asubuhi moja. Mvua za mwisho zikapita, shamba likabaki majani matupu, na ukoo wa baba yako ukasema mjane huyu ni mvivu, afadhali shamba apewe mtu mwingine.

Nikapika tena. Ningefanyaje? Watu wakarudi wazima wa afya, ngoro zikalimwa kwa siku moja. Lakini mpika pombe haonji kwa macho. Kabla jua halijatua nilikuwa nimelala tutani, na medali ya Padre sijui niliidondosha wapi.

Ndiyo maana nina hasira, Otmari, na hasira yangu haichagui. Nawakasirikia wanaume wa sengu wanaosema mwanamke mlevi ni aibu, huku kamba ya chungu wameishika wao. Namkasirikia Bwana Shauri anayekuja kutuhutubia kuhusu uvivu wa walevi, na kilabu cha pombe kimejengwa mbele ya baraza lake, na ushuru wa kila pipa unaingia mfukoni mwa serikali yake. Namkasirikia baba yako kwa kufa. Na mwenye kustahili kuliko wote nitamfikia sasa hivi.

Hawa tunaowaita watu wa togwa unawajua kwa ulivyowakuta. Umekaa nao tangu kahawa ilipochumwa, umekula nao, ukawa unacheka na bibi Filomena kama mama yako wa pili. Hujui nilivyofika mimi. Sikufika kwa toba. Nilisikia watu wakiwacheka sokoni, kwamba huko juu kwa Filomena kuna walevi wastaafu wanaolimiana mashamba kwa togwa kama watoto wadogo. Wengine walicheka togwa, mimi nilisikia mashamba. Nikajiambia, Kandida, hawa ndio wa kukulimia. Nikabeba jembe nikaenda kuwalimia wao kwanza, ili niwadai.

Tulilima mpaka jua likawa juu. Halafu wakakaa tutani, kila mtu na kata yake, na Filomena akamwambia wa kwanza, "Haya, sema." Yule mtu akasema alivyolala wiki ile na alivyoamka. Kwamba Jumatano alipita nje ya kilabu mara mbili na hakuwa na shughuli upande ule. Akanywa togwa yake. Hakuna aliyemwambia pole, wala jitahidi, wala Mungu yupo. Wa pili akasema yake. Nikangoja mahubiri, hayakuja. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi nimekuja kulima." Filomena akasema, "Sawa, umelima," akanipa togwa. Nilirudi nyumbani nikiwatukana njia nzima. Nikawaona wajinga, wachafu, watu waliokwisha kazi. Jumamosi iliyofuata nikabeba jembe nikaenda tena.

Nilikwenda hivyo msimu mzima kabla sijasema kitu. Nilikuwa nakunywa, wao walijua, pua wanazo. Hakuna aliyenifukuza. Siku nilipofungua mdomo nilisema habari ya shati lako jeupe, na hapo Bruno, aliyekuwa amekaa mbele yangu, akaviringisha jani mkononi asinitazame, ili nimalize.

Sasa nirudi kwa huyo Bruno. Ulikuwa shule ya misioni miaka ile, hukumjua. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mke na watoto. Hakuna aliyelaza majani ya ngoro kama yeye, miraba imenyooka kama amepigia kamba. Yeye na Filomena ndio walioanza ile kazi, wawili tu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameacha pombe na kila mmoja alikosa wa kumlimia. Yeye hakuwa na maneno mengi. Ukimwuliza umefanyaje kuacha, anasema, "Nimekuja leo."

Ikafika zamu ya shamba langu. Mwenye shamba ndiye anayepika togwa, na sheria ya Filomena ilikuwa moja: togwa ipikwe jana, inywewe leo, ikibaki apewe nguruwe. Nilikuwa na sufuria kubwa ya kuazima, safi, iko hapo ukutani. Mimi nikapika kwenye chungu changu cha pombe.

Huhitaji kuwa mpishi kuelewa, lakini nitakueleza. Chungu cha pombe hakioshwi kikaisha. Udongo wake umekunywa chachu miaka yote, na hata ukikisugua kwa mchanga mpaka mikono itoke damu, chachu imo. Ukimimina humo togwa jioni, asubuhi inatoa povu. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijaota meno ya nyuma. Hakuna mwanamke Umatengo asiyejua, na mimi nilikuwa bingwa wao.

Watu niliwaambia nilisahau. Sikusahau, Otmari. Nilijua. Nilitaka kunywa na nisiwe nimekunywa. Nilitaka kitu kile kijichachue chenyewe, kiwe si kosa la mtu, na wenzangu wawe pamoja nami ndani yake ili nisiwe peke yangu. Usiku ule nilisikia chungu kikipumua pembeni ya mafiga, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Asubuhi Bruno ndiye aliyekuwa na kiu ya kwanza, kwa kuwa ndiye aliyefika kwanza. Nilimchotea mwenyewe. Akanywa, akasita. Akanitazama. Alijua, na akajua kwamba najua. Ningeweza kusema neno moja tu, mwaga. Nilinyamaza, yeye akaomba kata ya pili. Filomena alipofika na kuonja na kupindua chungu, Bruno alikuwa amekwisha kunywa ya tatu na macho yake yamekwenda mbali. Majani aliyoyalaza siku ile yalipinda. Saa ya kukaa tutani hakukaa, alishuka mteremko kuelekea kilabuni, na hakurudi tena kwa watu wa togwa. Kahawa yake aliiuza ingali mtini. Mke akarudi kwao na watoto. Mwishowe tukasikia ameshuka ziwani, ikawa basi.

Mimi sikufukuzwa. Ningefukuzwa ningefurahi, ningepata mtu wa kumchukia. Filomena alisema tu, "Wiki ijayo ni shamba lako tena, tuje tumalize. Utapika wewe." Akaja jioni na chungu kipya begani, akakaa kwenye kigoda changu kutoka nilipobandika mpaka nilipoipua, anatazama mikono yangu. Nililia kwa hasira ndani ya togwa ile. Nilimchukia mwanamke yule kuliko nilivyopata kumchukia mtu, na tangu siku hiyo sijanywa. Usiniulize kwa nini. Kile chungu cha zamani nilikivunja. Kwa hiyo unaona, vya kuvunja sikuanzia leo.

Na nilimwambia Filomena nilisahau, mpaka leo anaamini au anajifanya kuamini. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Jioni hii Filomena amekuja. Habari za sengu zimeshafika kote. Nilidhani amekuja kunisifu, nikampangusia kigoda. Akakaa, akakataa chakula, akauliza, "Alikuwa amesema nini?"

"Nani?"

"Otmari. Kibuyu kikiwa mikononi mwake, alisema nini?"

"Hakusema kitu," nikamwambia. "Sikumpa nafasi."

"Aa," akasema. Akajifunga kanga vizuri, akaaga.

Nimemkasirikia mpaka sasa, kwa sababu swali lake lilinipata. Nimekaa hapa kwenye kibatari nikikuona tena na tena. Ulikipokea kwa mikono miwili, ndiyo. Lakini kitu cha wazee hupokewa kwa mikono miwili hata na mtu anayetaka kukirudisha. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo. Na kabla sijafika ulikuwa umefungua mdomo. Wa kunywa au wa kusema, sijui. Pengine lilikuwa neno umelitengeneza tangu kahawa ilipochumwa, umelipiga randa pande zote, na leo ndiyo siku yake. Pengine ungemwambia Ditrami, "Baba mkubwa, nashukuru, wazee watanijua kwa kazi yangu." Sasa mimi sijui, wewe hujui, na Ditrami atasema maisha yake yote kwamba ulizuiwa na mama yako.

Kama hilo ndilo ulilomaanisha kwa kuvuliwa nguo, basi nimekuelewa, na limeniuma. Lakini sijutii. Nilikwisha nyamaza mara moja mtu akiwa na kata mkononi.

Sasa sikiliza. Mwaka jana mama mmoja wa Kihagara alipandisha dagaa wa usipa kuja kuuza hapa Mbinga. Tukiwa tunapunguziana bei akasema huko kwao kuna Mmatengo mmoja wa ajabu, analima mihogo, na Jumapili watu wakitoka kanisani yeye anakaa na wenzake wachache nyuma ya mahali wanapochonga mitumbwi, wanakula ugali wa muhogo na samaki, na hawanywi. Nikamwuliza anaitwa nani. Akasema Bruno. Nikanunua usipa wote. Unakumbuka tulivyokula usipa mpaka ukalalamika, nawe hukujua ni kwa sababu gani.

Wewe unakwenda kupaua. Huko nako watakuvutia chungu juu kwa kamba, pengine siku ya kwanza, na watakuwa watu wema wenye kukupenda. Hao ndio wabaya zaidi. Mkono wangu hautakuwepo. Utafungua mdomo, na kitakachotoka au kitakachoingia kitakuwa chako.

Kwa hiyo mtafute Bruno. Hao watu hawana mlango wala jina, na ukiuliza barazani utachekwa, lakini ukichekwa ujue umekaribia, maana hata mimi niliwapata kwa kicheko. Wengi wao huko ni Waanglikana. Bruno hakujali, nawe usijali. Utawachukia mwanzoni. Watakuwa na harufu ya samaki, na Kinyasa chao hutakielewa, na utajiona kwamba wewe hujafika hali yao. Kaa nao hivyohivyo, na hasira zako zote. Sikuwahi kukaa pale bila hasira, wala hakuna aliyeniambia niziache nje.

Na usimfiche jina. Mwambie wewe ni mtoto wa Kandida. Huenda akakuambia uondoke, na ana haki, basi ondoka, na Jumapili inayofuata urudi. Habari ya chungu usimwambie wewe, si mzigo wako. Mwambie tu kwamba mama anauliza kama anaweza kushuka baada ya mavuno, ana neno lake la kumwambia mwenyewe. Akisema hapana, niandikie hapana. Nitakasirika, halafu nitashuka tu.

Kesho watu wa togwa wanalima kwangu. Ni lile shamba la mteremkoni, kando ya njia ya kushukia ziwani, na njia unajua ni hiyo moja. Utapita na sanduku lako begani, utatukuta. Sitakuita. Mbele ya Filomena na wote sitakuvua nguo mara ya pili. Kama hasira bado inakukaba, pita.

Lakini kwenye lile jiwe la pembeni nitaweka kata ya togwa. Imepikwa leo, kwenye chungu kipya, na Filomena hakuwepo kunitazama mikono. Uitazame kama ina povu. Uinuse. Ionje kwa ncha ya ulimi kama unaniogopa, nami nitakuwa nimekupa mgongo, nachimba. Hii hakuna wa kukupokonya. Ukinywa, sawa. Ukiacha, sema tu neno lako kwa sauti, nilisikie, lile la leo ambalo sikukupa nafasi. Ndilo ninalolitaka kuliko salamu.

Mbuzi watampata kesho kutwa. Samahani hawaipati.

Mimi mama yako,
Kandida